Jisifu Kwanza, Nyar Mfangano

Kinasa sauti kilikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, taa yake nyekundu imekodoka kama jicho la njiwa, na kwa mara ya tatu mwezi huo hakikuwa na cha kunasa ila kuku na vishindo vya mitambo ya machimbo ya Masara ikisaga mawe.

"Mlianza lini kuosha dhahabu, dani?" Lynnet aliuliza, akimwita bibi kama anavyoitwa kwao.

"Zamani."

"Nani aliwafundisha?"

"Watu."

Mwikwabe, mwenzake katika mradi wa kurekodi kumbukumbu za wazee, alikohoa ili kuficha kicheko. Njiani alikuwa amemshauri waachane na Bi Phelesia. Wachimbaji kumi na mmoja walikwisha kusimulia jinsi dhahabu ilivyopatikana. Ijumaa rekodi zingesikilizwa ukumbini Homa Bay, kisha zihifadhiwe maktabani. Lakini wote kumi na mmoja walikuwa wanaume. Lynnet alijua kwamba kumbukumbu isiyo na mwanamke husomwa kana kwamba mwanamke hakuwepo, na kati ya wanawake walioosha mawe ya dhahabu siku zile, aliyebaki ni Phelesia peke yake.

Chuoni alifundishwa kwamba mhoji mzuri hasikiki. Kanuni hiyo ilimkaa kama gauni lililoshonwa kwa kipimo chake, maana tangu utotoni alikuwa mtu wa kujibu salamu akitazama vidole vya miguu. Katika rekodi arobaini alizofanya tangu aanze kazi, alikuwa ameikata sauti yake yote, hata vikohozi.

Alipoinama kuzima mashine, Phelesia aliinua mkono, kiganja nje. Ndivyo watu walivyosimamisha kinubi karamuni: muziki hunyamaza, mwenye mkono hutaja yeye ni nani na ana nini cha kujivunia, kisha nyuzi huendelea.

"Umekunywa uji wangu mara tatu," alisema, "na bado sijui nazungumza na nani. Mtu hamwagi mtama wake mbele ya kuku asiyejulikana katoka boma gani. Nimesikia lafudhi ya kisiwani, basi. Jisifu kwanza, nyar Mfangano."

Binti wa Mfangano alihisi masikio yakiwaka. Alimtazama Mwikwabe, naye Mwikwabe akageuka kuwatazama kuku.

"Mimi ni Lynnet," alianza. "Binti wa Fanuel, aliyeshona nyavu kwa mkono mmoja, na samaki hawakujua tofauti."

"Eee," Phelesia aliitikia.

"Mimi ndiye niliyevuka ziwa na cheti changu ndani ya chupa ya chai, mawimbi yakanilowesha mimi, cheti kikafika kikavu. Mimi ninayeogopa watu. Lakini nimeketi na wazee arobaini, na hakuna niliyemkimbia."

Phelesia alicheka hadi akafuta macho kwa upindo wa leso. Kisha akajiweka sawa, mgongo wima, akaisogelea mashine kama anayemsogelea mkwe.

"Mimi ni Phelesia, nyar Kadem. Hao kumi na mmoja wamekwambia waliiona dhahabu? Walichoona ni jiwe. Walitoka shimoni wamelibeba, wakalitupa, wakasema shimo limekufa, wakaanza kukunja kamba. Mimi nililiokota. Nikalisaga, nikaliosha kwenye karai la kuogeshea mtoto. Ndipo nikawaambia: rudini chini. Masara hii mnayoiona ilianza kwenye karai langu."

Alisema hadi jua likapita paa. Hakuulizwa swali hata moja.

Waliporudi ofisini Suna, Mwikwabe alitafuta mahali pa kukata. Kanuni ilisema rekodi ianze pale msimulizi anapoanza. Lynnet alisikiliza, akasikiliza tena.

"Msimulizi alianza na ule mkono," alisema. "Usikate."

Ijumaa ukumbi ulijaa. Wachimbaji walisikika, wakapigiwa makofi, wakaitikia kwa vichwa. Kisha spika zikatoa sauti nyembamba, ya kutetemeka: Mimi ni Lynnet. Mwenyewe alikuwa kiti cha mwisho, karibu na mlango, akitamani sakafu ipasuke.

Katika safu ya mbele, Phelesia aliinua mkono, kiganja nje. Mwikwabe alisimamisha mashine. Watu waligeuka, wakafuata macho ya bibi yalikoelekea, hadi nyuma kabisa.

"Yupo hapa," Phelesia alisema. "Kwa nini tumsikie kwenye sanduku?"

Lynnet akasukuma kiti nyuma, akasimama ajisifu mwenyewe.