Skorokoro la Bi Kidawa

Kama kulikuwa na kitu Mayasa alishindwa kukivumilia, ni mwanamume anayeuza gari huku analipigapiga bodi kwa kiganja. "Sikia chuma hicho, dada! Sikia!" Chuma gani? Kuna gari la maboga? Tangu mvua za Januari zianze alikuwa amezungushwa Johannesburg nzima na wanaume wa kupigapiga bodi, na kila jioni akirudi kwao mtaa wa La Rochelle alimkuta mama yake, Bi Kidawa, amekaa ukingoni mwa kitanda na swali lake lile lile.

"Mmepata?"

"Bado, mama."

"Haya. Mungu yupo." Kisha mama hugeukia ukutani, na Mayasa alijua analia.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Bi Kidawa aliletwa kutoka Tanga kwa ndege, akafanyiwa upasuaji wa nyonga, ukaenda salama. Siku za kurudi zilipokaribia, damu ikamganda mguuni, kipande kikapanda mpaka mapafuni, akaponea chupuchupu. Daktari akasema ndege aisahau kwa sasa. Basi nalo, kukaa wima siku na siku miguu ikining'inia, asilitaje kabisa. Kwa barabara ataweza, lakini awe amelala, na kila baada ya mwendo kidogo ateremke atembee.

Na huko Tanga binti yake wa mwisho, Nusaiba, alikuwa anaolewa Shaabani, maana watu hawataki kuingia Ramadhani na shughuli mkononi. Upande wa bwana harusi walishaanza kusema, kwa ule upole wao wenye pilipili ndani, kwamba si lazima mama mzazi awepo, mama mkubwa anaweza kukaa kwenye kiti chake. Bi Kidawa aliposikia hayo alisukuma sahani ya chakula. Uchungu wa Nusaiba aliusikia nani? Mama mkubwa?

Wazo la gari-nyumba alilitoa Seif, mume wa Mayasa, dereva wa malori ya Lusaka na Tunduma. "Yale magari ya kwendea likizo," alisema. "Kitanda ndani, jiko ndani, choo ndani. Mama analala nyuma, mimi naendesha. Tukirudi tunaliuza." Wazo safi kabisa. Taabu ni Seif mwenyewe. Kwenye lori huyu ni simba, lakini muuzaji akimwita "rafiki yangu" tu, basi, kesha yeyuka.

Ndiyo maana Mayasa alifunga duka lake la nguo akawa anafuatana naye. Soweto walikwenda kuona gari lenye picha za kumetameta mtandaoni, wakakuta kuku kalalia mayai kwenye sinki. Mtu mwingine alitaka atumiwe pesa za kulishikilia gari ambalo hawajaliona hata tairi, Mayasa akaikata simu huku Seif bado anamshukuru mtu huyo. Wa tatu aliapa kwamba choo ni kipya, na kweli kilikuwa kipya, maana hakikuwahi kuunganishwa na bomba lolote. "Lakini mtu mwenyewe mstaarabu," Seif alisema njiani. Mayasa alihesabu taa za barabarani, robot kama zinavyoitwa huko, mpaka ya tatu, kwa kuwa angemjibu wangeachana.

Zilipobaki wiki mbili, Bi Kidawa alichukua mkongojo wake na mkoba wake mweusi. "Leo nakwenda mwenyewe," alisema. "Nyie mnanichagulia kitanda changu kama mimi maiti."

Walikwenda kwenye yadi moja ya magari upande wa kusini. Mwenye yadi aliitwa François, jitu la miraba minne, kaptula ya kaki, miwani ya jua kaiweka utosini. Alimpokea Bi Kidawa kwa mikono miwili, akamletea kiti cha plastiki, akaagiza kivuli kama mtu anayeagiza chai. Wafanyakazi wakaleta mwavuli mkubwa. Seif akaitwa "rafiki yangu" kabla hawajamaliza kusalimiana. Mayasa akajisemea moyoni, haya, tumekwisha.

Gari lenyewe, kusema haki, lilikuwa zuri. Jeupe pe, linang'aa, kuna kitanda nyuma na kingine juu ya kichwa cha dereva, maji yanatoka, jiko linawaka, choo kinavuta. Mayasa alifungua kila kabati akitafuta pa kukasirikia, akakosa. Hilo lenyewe likamkasirisha.

"Mbona linanukia hivi?" Bi Kidawa aliuliza kutoka mlangoni.

"Usafi, mama," Seif alisema.

"Mimi nimefua maisha yangu yote, Seif. Usafi haunukii hivi."

Nyuma kabisa ya yadi, kando ya ukuta, palikuwa na gari-nyumba jingine, la zamani, lenye mistari ya kahawia na mapazia ya rangi ya chungwa. Bodi yake ilijaa vishimo, kila mvua ya mawe ya Johannesburg imepita hapo ikaacha salamu. Mayasa akaliulizia. François akacheka mpaka miwani ikamshukia puani.

"Skorokoro lile? Mkweche ule? Dada, usinitie aibu. Lile hata kwa robo ya bei ya hili hakuna anayelitaka."

Basi wakarudi kwenye jeupe. Seif alikwisha toa kadi ya benki, François alikwisha leta mashine, na kalamu iko mezani, ndipo Bi Kidawa alipogonga mkongojo chini.

"Bado sijafukiza."

Mayasa alitamani ardhi ipasuke. "Mama, si tulipe kwanza? Tutafukiza nyumbani."

"Nilipe kwanza? Sijui nani kalala humo, nani kagombana humo, nani kafia humo, nilipe kwanza? Nyumba huingii bila ubani, na hii ni nyumba. Kama kuna uchafu wa watu ndani, niununue?" Hapo hapo akafungua mkoba mweusi, akatoa chetezo chake cha udongo, makaa ya vidonge, kiberiti, na kifuko cha ubani na udi. Kumbe mwanamke alitoka nyumbani kajiandaa.

Mayasa alidhani François atawaka. Moto ndani ya gari lake! Lakini Seif alipomweleza, yule bwana alifurahi kupita kiasi. Baraka! Wateja wanaliombea gari lake baraka! Akatoa simu aanze kurekodi, aje aliweke kwenye matangazo yake, akaita na wateja wengine waliokuwa yadini. Mmoja wao alikuwa Mkongo, Théodore, fundi cherehani wa Bellevue aliyekuja kutafuta gari la kubebea kwaya ya kanisani kwake. Wote wakasogea.

"Karibuni!" François alitangaza huku akijirekodi. "Muone watu wanaojua kuchagua! Hawa hawakudanganyika na skorokoro lile pale la robo bei!" Akaligeuzia simu, akalitaja na bei yake, akacheka tena.

Bi Kidawa hakumjali. Alitoa amri zake akiwa kwenye kiti. Fungeni madirisha. Fungeni na vile vitundu vya darini. Moshi lazima ushike nyumba, ndiyo maana ya kufukiza. Mayasa aliweka chetezo kwenye sinki la bati, akamimina ubani kama alivyoagizwa, yaani wa kufukizia arusi tatu, akatoka mbio na kufunga mlango. Wakasimama kusubiri. Ndani vioo vikageuka vyeupe.

"Mama!" Théodore akapaza sauti, kidole juu. "Angalia! Motoka iko navuta sigara!"

Kweli bwana. Pale mbele, juu ya kichwa cha dereva, paa linapokutana na ubavu, moshi ulikuwa unatoka. Kwanza kidogo, kama mvuke wa birika. Kisha ukafuata kiungo chote cha paa, mstari mrefu, ukatokea na upande wa pili. Rangi mpya nyeupe ilikuwa inapumua. François alikuwa bado ameshika simu juu, anarekodi. Mkono ulisahau kushuka.

Mayasa hakungoja kuambiwa. Alijifunga ushungi puani, akaingia, akapanda kile kitanda cha juu na kubonyeza dari kwa kidole. Ubao ulikuwa mpya kwa nje tu. Kidole kiliingia kama kwenye mkate uliolowa chai, na maji ya mvua ya juzi yakamchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Humu ndimo angelala mama yake! Hasira ilimpanda mpaka masikio yakamwasha, lakini ndani ya hasira hiyo mlikuwa na furaha tele. Wiki zote zile za kupigwa changa la macho, leo kamshika mtu!

Akateremka, akauinua ule mkono unaodondoka maji mbele ya watu wote.

"Hii nini?"

"Kitu kidogo," François alisema. "Gundi tu. Rafiki yangu, nitakupunguzia."

Seif aliutazama mkono wa mkewe, akamtazama mama mkwe wake kwenye kiti cha plastiki. Kisha akafanya jambo ambalo Mayasa hakuwahi kuliona: akakataa. "Eish," alisema taratibu, akirudisha kadi mfukoni. "Mgonjwa wa mapafu ulitaka alale kwenye maji. Mimi si rafiki yako."

Mayasa angemkumbatia pale pale, watu wasingekuwepo.

"Msiniondoe," Bi Kidawa alisema. "Bado nina ubani." Akaelekeza mkongojo nyuma ya yadi.

Sasa yadi nzima ilikuwa inawafuata. François alisema funguo za skorokoro hajui ziko wapi. Mfanyakazi wake, kwa nia njema kabisa, akazitoa mfukoni. Ndani mlikuwa na vumbi na magazeti ya zamani, lakini vumbi lilikuwa kavu. Chetezo kikawekwa, madirisha yakafungwa, mlango ukafungwa. Wakasubiri. Théodore akalizunguka gari akichungulia viungo vya paa kama anakagua mshono wa suti. Wakasubiri tena. Mayasa aligundua kwamba ameshika shati la Seif kwa nyuma, kama mtoto. Kama na hili litavuja, hakuna tena, Shaabani imefika, kiti cha mama amekaa mama mkubwa.

"Hakuna," Théodore akasema. "Hata kidogo. Iko naziba moshi yote."

Seif naye alikwisha ingia chini ya gari, na huko hakuna wa kumlaghai. Alitoka na grisi mpaka kwenye nyusi, akafungua boneti, akasikiliza injini ikikohoa, ikakohoa tena, ikatulia. "Injini hii naijua," alisema, na meno yote yalikuwa nje. "Nilipokuwa Dar nimeifungua na kuifunga mpaka macho nimefumba. Hii inafika Tanga na kurudi." Bi Kidawa akaamuru mlango ufunguliwe. Moshi wote ukatoka kwa pamoja hapo mlangoni, mnene, unanukia arusi, watu wakakohoa na kucheka.

François peke yake hakucheka. Alikuwa anapiga hesabu, ilionekana usoni. "Mjue," alianza, "gari la aina hii siku hizi ni adimu. Bei yake ya kweli..."

"Fungua simu yako," Mayasa alisema.

"Nini?"

"Fungua hiyo video. Bei umeitaja mwenyewe, kwa mdomo wako, huku unacheka. Watu wote hapa wamesikia."

"Hata mimi nimesikia," Théodore alisema. "Robo bei."

Wateja wengine wakaitikia. Mmoja alikuwa amesharudisha mezani funguo za gari alilokuja kulinunua, na akasema yeye naye sasa angependa kuazima huo ubani. François akaangalia lile jeupe lililokuwa bado linafuka kidogo mbele ya wateja wake wote. Akaivuta miwani, akaivaa machoni.

"Sharp, sawa," alisema kwa sauti ndogo. "Lichukueni."

"Na mapazia yake," Mayasa akaongeza, ilimradi tu asimwachie neno la mwisho.

Seif alipokuwa akisaini, walimkosa Bi Kidawa kwenye kiti. Mayasa alimkuta ndani ya skorokoro, kajinyoosha kitandani chali, miguu yake imepata pa kukaa, viatu kavivua vizuri kaviweka pembeni. Alikuwa anakoroma. Mayasa alikaa kwenye ngazi ya mlango, akalia kwa raha zake, na safari hii hakugeukia ukuta.

Wakaondoka juma lile lile. Musina, Lusaka, Tunduma, kila penye kivuli mama anateremka anatembea na mkongojo, anarudi kulala, na kila mpakani maofisa wanauliza mbona gari linanukia hivi. Seif aliimba njia nzima, vibaya sana, na Mayasa hakumkataza.

Tanga waliingia mchana wa siku ya arusi yenyewe. Upande wa bwana harusi walikuwa wamekwisha fika, mama mkubwa keshavalishwa, kiti kimetandikwa kitambaa cha dhahabu. Skorokoro likakata kona ya mtaa na honi yake ya kizee, Seif kaikalia hakuiachia mpaka mlangoni. Vigelegele vilianzia jikoni vikaenea mtaa mzima. Mlango ukafunguliwa. Kilichotoka kwanza ni chetezo, kinafuka, kisha mkongojo, kisha Bi Kidawa mwenyewe katika kanga zake mpya, anawatazama wakwe zake mmoja mmoja bila haraka. Mama mkubwa alikuwa amesimama zamani.

Nusaiba alitoka ndani mbio, bibi harusi mzima, hina mikononi na wanja machoni, watu wanamwita arudi hataki kusikia, akamwangukia mama yake kifuani.

"Mama! Waliniambia huji!"

"Nani kakwambia?" Bi Kidawa alisema, akimfuta shavu kwa ncha ya kanga. "Nyamaza, wanja unachuruzika. Nionyeshe kiti changu kiko wapi."