Onyo Kuhusu Buibui

Katika ukurasa wa kwanza wa mchezo wetu wa kompyuta, kabla maiti haijaonekana, kuna orodha ya maonyo. Niliiandika mimi. Mimi ni mkaguzi: kila mchezo tunaoutengeneza ninaucheza mara kumi na tano au zaidi, daftari likiwa pembeni, na kuandika kila jambo ambalo mtu ana haki ya kulijua kabla hajaanza. Damu, dakika ya tatu. Maiti ya mtu mzima, dakika ya nne. Matusi, mahali ishirini na sita. Moshi wa sigara. Mwanga unaomulikamulika. Buibui mmoja, sura ya pili, nyuma ya kabati, ambaye mchoraji wetu alimweka pale kwa sababu tu alimpenda.

Na mstari wa nne: kifo cha mtoto mdogo kwa kuzama majini.

Mchezo wenyewe unahusu mwenye nyumba anayekutwa amekufa chini ya ngazi, katika jengo la vyumba tisa vya kupangisha. Mchezaji ndiye mpelelezi. Anahoji wapangaji, anapekua vyumba, anapanga ushahidi, hadi sura ya saba, ambayo ni ya mwisho. Hapo anagundua kwamba zamani mpangaji mmoja alikuwa na mtoto, na mtoto huyo alitumbukia kwenye tangi la maji lililochimbwa uani, siku ambayo mwenye nyumba aliliacha wazi. Kifuniko cha tangi anakifungua mchezaji mwenyewe, kwa kubana kitufe sekunde nane. Fundi wetu wa sauti, tunayemwita Masikio, alitumia wiki nzima kurekodi mkwaruzo wa kifuniko cha chuma ili sekunde hizo nane ziwe ndefu.

Mtunzi wa hadithi, ambaye sote tunamwita Profesa ingawa hajawahi kufundisha hata chekechea, aliupinga mstari wa nne tangu alipouona.

"Hakimu," aliniambia, maana hilo ndilo jina langu pale kazini, "umeandika jibu la fumbo kwenye mlango wa kuingilia. Katika nyumba yangu hakuna mtoto hata mmoja. Mtu akisoma 'kifo cha mtoto' atauliza mtoto wa nani, atamtafuta mzazi, na akimpata mzazi amempata muuaji. Nimefanya kazi miaka miwili. Wewe unaimaliza kwa mstari mmoja."

Hoja yake ilikuwa sahihi, na nilimwambia hivyo. Kwa hiyo tukakubaliana, mbele ya Bosi, kwamba mstari wa nne utafichwa nyuma ya kitufe: anayetaka kujua abonyeze, asiyetaka apite. Niliweka sahihi kwenye ukurasa huo. Bila sahihi yangu mchezo hauuzwi. Hilo liko kwenye mkataba na duka linalouuza.

Nilidhani jambo limekwisha. Karatasi ilikuwa na sahihi tatu na tarehe.

Wiki moja kabla ya kila mchezo kutoka, ofisi yetu ina desturi tunayoiita siku ya jamaa. Kila mfanyakazi analeta ndugu mmoja. Wageni wanakaa kwenye viti sita, wametenganishwa kwa mapazia, hedifoni masikioni, na kamera ndogo juu ya kila skrini inayowarekodi nyuso kwa ridhaa yao. Sisi tunakaa nyuma yao na madaftari. Kanuni ni mbili. Ya kwanza, mgeni haambiwi lolote kuhusu mchezo, si siku hiyo wala kabla. Ya pili, kila mgeni anajaza fomu, na jioni Bosi anazisoma fomu zote kwa sauti, bila kuruka neno, hata kama zinatutukana. Kanuni hii ya pili Bosi aliitunga mwenyewe na huwa anajisifu nayo kwa wageni.

Mimi nilimleta dada yangu.

Dada yangu anauza dawa. Miaka minne iliyopita mwanawe wa kike, aliyekuwa na umri wa miaka mitatu na nusu na aliyeniita Mama Mdogo kwa sauti ya kuamrisha, alizama kwenye tangi la maji la nyumba waliyokuwa wamepanga. Polisi waliwahoji watu kumi na mmoja. Hakuna aliyekiri kuacha kifuniko wazi. Tangu hapo Dada hucheza michezo ya upelelezi, yote anayoipata. Nilimuuliza mara moja kwa nini. Alisema, "Huku angalau anapatikana mtu." Sikuuliza tena.

Watu watashangaa kwamba nilimleta. Sababu zangu zilikuwa hizi. Alikuwa ameomba mwenyewe, mara tatu. Orodha ingemwambia. Angebonyeza kitufe, kwa maana yeye husoma kila karatasi hadi jina la mchapaji, kisha angeamua mwenyewe kubaki au kuondoka. Kazi ya kumwambia niliiachia orodha, kwa sababu ndiyo kazi ya orodha.

Saa tatu asubuhi skrini sita ziliwaka. Orodha ilitokea. Nilihesabu mistari, kwa mazoea tu, na hesabu haikutimia. Nikahesabu tena. Damu, maiti, matusi, sigara, mwanga, buibui. Kitufe hakikuwepo.

Dada, mwenye hedifoni masikioni na hivyo asiyejua anapaza sauti kiasi gani, aliangua kicheko. "Buibui! Jamani, mmenionya kuhusu buibui! Hawa watu wana adabu!"

Chumba kizima kilicheka. Akabonyeza, akaingia.

Bosi alikuwa kwenye simu karibu saa nzima. Alipomaliza nilimfuata kwenye jiko la chai, chumba kidogo cha kando chenye birika na sinki, ambapo alikuwa amesimama na Profesa.

"Mstari wa nne uko wapi?"

"Tuliutoa juzi," alisema Bosi, akikoroga kikombe chake. "Kile kitufe kilikuwa kinawaka pale kama jipu. Kila mtu angekibonyeza."

"Kulikuwa na sahihi yangu."

"Ilikuwepo kwenye ukurasa wa zamani. Wa sasa utausaini Jumatatu. Usinichemkie, Hakimu, leo ni sikukuu."

"Buibui yumo."

"Buibui hafichui kitu," alisema Profesa.

"Wageni wakifika sura ya saba?"

Hapo Bosi akatabasamu, na ni kwa ajili ya tabasamu hilo ninaandika haya. "Ndipo tunapopataka. Uso wa mtu asiyejua, mkono uko kwenye kitufe, kifuniko kinakwaruza. Nyuso sita. Hilo ndilo tangazo letu. Huwezi kulipata kwa mtu uliyemwonya."

Niliweka daftari langu kwenye sinki ili nisilitupe. Kisha niliwaeleza, kwa mpangilio: umri wa mtoto, mwaka, tangi, kifuniko, na kiti alichokalia mama yake. Sentensi tano. Profesa aliacha kunywa chai. Bosi alisema, "Loo, pole sana. Kwa nini hukusema? Basi tumtoe dada yako taratibu, tumpe soda, tuseme mashine imeharibika."

"Na wa kiti cha pili?"

"Wa kiti cha pili amefanya nini?"

"Ni baba mkwe wa mhasibu. Unajua amezika nani? Wa kiti cha tano, unamjua? Mimi siwajui. Ndiyo maana huwa tunaandika."

"Sasa unageuza hii kuwa mahakama."

"Rudisha mstari, uwashe upya skrini zote. Dakika nne."

"Nitapoteza siku nzima ya kurekodi," alisema Bosi. "Hapana. Kila mtu mwingine anaendelea. Kuhusu dada yako umeshanisikia."

Hasira yangu mimi haina kelele. Mikono hupoa, na maneno huja moja moja yakiwa yamepigwa pasi. Nilirudi chumbani. Skrini ya Dada ilionyesha sura ya sita. Nilikuwa nimekadiria saa mbili na nusu hadi hapo. Yeye alikuwa ametumia saa moja na dakika kumi. Mpelelezi wake alikuwa uani, amesimama tu.

Nilivuka mstari wa utepe ambao wafanyakazi hawaruhusiwi kuuvuka, nikamtoa hedifoni upande mmoja, nikasema:

"Dada, sura ya saba kuna mtoto aliyezama kwenye tangi. Wewe ndiye utakayefungua kifuniko. Muuaji ni mama yake."

Sikunong'ona. Wa kiti cha pili alitoa hedifoni zake. Wa kiti cha tano naye. Nyuma yangu mtu alisema, "Ameuharibu! Ameuharibu wote!" na sauti ilikuwa ya Profesa.

Dada hakugeuka. Aliitazama skrini, kisha taa nyekundu ya kamera, kisha akaifunika kwa kiganja.

"Umejua tangu lini?"

"Miezi mitano."

"Miezi mitano."

"Iliandikwa, Dada. Ilikuwa kwenye orodha. Wameitoa juzi bila kuniambia."

"Jana jioni tumekula meza moja," alisema. "Ukaniomba chumvi. Aliyekaa mbele yangu alikuwa orodha, au ulikuwa wewe?"

"Kanuni hairuhusu."

"Mdogo wangu. Mimi nikiuza dawa inayolevya, naandika kwenye pakiti, halafu namwangalia mteja machoni na kumwambia kwa mdomo wangu asiendeshe gari. Vyote viwili. Simngoji ashike usukani ndipo nimkimbilie barabarani mbele za watu." Alitoa kiganja kwenye kamera. "Fomu iko wapi?"

Nilimpa. Aliandika kwa utulivu, kwa ule mwandiko wa duka la dawa ambao kila herufi inasomeka, akaikunja mara mbili, akaitumbukiza kwenye sanduku, akachukua mkoba wake na kutoka. Nilipotaka kumfuata aliinua kidole kimoja tu, hivyo nikabaki.

Wageni wawili waliacha kucheza. Watatu waliendelea hadi mwisho, na nyuso zao zikarekodiwa.

Saa kumi Bosi alianza kusoma fomu. Alisoma tano, akatania, watu wakacheka kidogo. Ya sita aliikunjua, akaipitisha macho, akaikunja tena.

"Haya ni mambo ya kifamilia," alisema. "Tuheshimu faragha ya mtu."

"Zinasomwa zote, Bosi," alisema Masikio kutoka nyuma. Ni mtu asiyesema maneno kumi kwa wiki. "Bila kuruka neno. Umetuambia mwenyewe, kila mara."

Bosi alitutazama. Hakuna aliyemsaidia. Akaikunjua.

"Umemjua muuaji katika sura ya ngapi, na kwa nini?" alisoma. "Jibu: Sura ya nne. Ni mama wa chumba cha sita. Wapangaji wote wanakatiza uani kwenda bombani. Yeye peke yake anazunguka ukutani. Mtu hazunguki kitu ambacho hakijamchukulia mtu."

Profesa aliinua kichwa. Mzunguko ule aliuweka yeye, na alikuwa ametuambia kwamba hakuna mchezaji atakayeuona.

"Ni kitu gani kilikusumbua?" Bosi alikohoa. "Jibu: Kuanzia sura ya nne nilianza kuhofia kuna nini chini ya ua. Nikajiambia haiwezekani, mdogo wangu anafanya kazi hapa, angeniambia. Nikaendelea. Mchezo haukunisumbua. Kilichonisumbua ni watu waliokaa nyuma yangu asubuhi nzima na madaftari, wakijua."

Akaanza kuikunja fomu.

"Kuna swali la tatu," alisema Masikio.

"Ungebadilisha nini. Ameacha wazi."

Jumatatu Bosi aliniletea ukurasa mpya nisaini. Mstari wa nne haukuwemo. Nilimwambia sisaini. Alisema ataajiri mkaguzi mwingine. Nilimwambia amwajiri, na kwamba huyo naye duka litamtaka aeleze kwa nini mkaguzi wa kwanza alikataa, na maelezo yangu ya kurasa mbili tayari yako kwenye faili. Alinitukana. Nilimwomba arudie polepole, nayaandika. Profesa ndiye aliyeyamaliza, akiwa ameegemea mlango, bila kunitazama: "Urudishe tu. Dada yake amemjua muuaji sura ya nne bila onyo lolote. Kumbe kulificha onyo hakukuwa kunalinda kitu." Hakuomba radhi. Video za nyuso zilifutwa, nikiwa nimesimama pale, na nikaangalia hadi kwenye pipa la taka la kompyuta kama na humo zimefutwa.

Sikusaini siku hiyo. Nilichapa ukurasa, nikaupeleka kwenye duka la dawa. Kulikuwa na watu wanne mbele yangu na nilipanga foleni. Dada hakuwa amepokea simu zangu tangu Jumamosi. Zamu yangu ilipofika aliichukua karatasi kama anavyochukua cheti cha daktari, akaisoma hadi chini.

Nilikuwa nimeandika: "Mchezo huu una matukio yanayoweza kuwasumbua baadhi ya wachezaji. Bonyeza hapa kuyajua." Na nyuma ya kitufe, mstari wa nne.

Alitoa kalamu kwenye mfuko wa koti lake jeupe. Akakata "baadhi ya". Akakata "yanayoweza kuwasumbua", juu yake akaandika "yatakayowasumbua". Kwenye mstari wa nne, baada ya neno "majini", akaongeza kwa mkono wake: "Mchezaji ndiye anayefungua kifuniko. Anaweza kupita bila kufungua." Hilo la mwisho halikuwa kweli; katika mchezo wetu hakukuwa na njia ya kupita.

"Hakuna njia ya kupita, Dada," nilisema.

"Basi iwekwe," alisema, akanirudishia karatasi juu ya kaunta. Kisha akanyoosha shingo kutazama nyuma ya bega langu. "Anayefuata!"