Washa Zisizowasha Gari

Fundi wa mapazia alikuwa na washa sabini na mbili, na hakuna hata moja iliyoweza kuwasha gari. Hizo zake ni zile pete bapa za chuma zinazowekwa chini ya nati. Yeye huzishona ndani ya pindo ili pazia lining'inie wima, lisiyumbe kama mlevi. Cha kuwashia gari ni ufunguo, na ufunguo ulikuwa umepotea.

Lingekuwa gari lake angecheka. Lilikuwa la dada yake mkubwa, aliyekuwa akijiandaa kwenda kufanya kazi ng'ambo miaka miwili. Alikuwa amemwachia gari kwa wiki moja ya majaribio. "Ukilitunza, linabaki kwako," alisema. "Ukinichezea, nampa kaka." Wiki ilikuwa inaisha leo saa nane mchana, dada akija. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na nusu, na fundi alikuwa amekwisha kupekua mkoba, droo, chini ya cherehani, na jokofu, maana mtu aliyechanganyikiwa hana pa kuruka. Asipopata gari hilo, angerudi kubeba mapazia kichwani kwa wateja, kama alivyofanya miaka tisa mpaka shingo ikaanza kulia kila akigeuka.

Alivuka barabara hadi kibanda cha fundi funguo. Huyu aliitwa Meno kwa sababu ya kuchonga meno ya funguo. Wabaya wake walisema ni kwa sababu ya pengo lake la mbele.

"Nichongee ufunguo wa gari lile," alisema. "Kabla ya saa nane."

"Kadi ya gari unayo?"

"Iko kwa dada."

"Kitambulisho cha mwenye gari?"

"Kwa dada."

"Na dada mwenyewe?"

"Huyo ndiye ninayemkimbia."

Meno aliweka tupa chini. "Basi sichongi, jirani. Kesho atakuja mtu na maneno hayo hayo, akinionyesha gari lako wewe. Mpigie dada. Mficha uchi hazai."

"Hazai, lakini huenda akabaki na gari."

Meno alicheka, pengo likaonekana lote. "Hata ningetaka, ufunguo wenyewe hauna meno ya kuchonga."

"Kama wewe."

"Mimi nimepungukiwa moja tu."

Fundi wa mapazia alivuta stuli akaketi. Alikuwa mtu wa kufumua vitu aone vilivyoshonwa, na wiki nzima jambo hili lilikuwa linamwasha: kidude cheusi, laini kama kokoto, kinakaa mkobani, na mlango unafunguka. "Kwani gari linajuaje?"

"Ukishika kitasa, gari linanong'ona kwa redio: nani hapo? Ufunguo ukiwa karibu unajibu."

"Unataja jina?"

"Ungetaja jina lile lile kila siku, mwizi angelinasa akaliiga. Gari linatoa swali jipya kila mara, na ufunguo unakokotoa jibu lake kwa siri wanayoijua wao wawili tu. Jibu la jana leo halifai."

"Kama mume wangu akichelewa. Kila siku jibu jipya."

"Tofauti ni kwamba gari haliridhiki na uongo." Meno alichukua ufunguo mbovu mezani, akaupasua kwa kisu, akamwonyesha chipu ndogo kuliko punje ya mchele. "Siri yenyewe hukaa humu. Nikikuchongea chuma tu, hata mlango ukifunguka, injini itakutazama. Ufunguo mpya lazima uandikishwe kwenye ubongo wa gari, mwenye gari akiwepo, na ule uliopotea ufutwe. Atakayeuokota awe ameokota kokoto kweli."

"Unajibu ukiwa umbali gani?"

"Hatua moja hivi kutoka mlangoni."

"Hata ukiwa ndani ya mkoba?"

"Kitambaa hakizuii redio, jirani."

Fundi wa mapazia aliinuka kwenye stuli. Kisha akauliza polepole, kama anayetunga uzi kwenye sindano, "Hata ndani ya mahameli?"

Jana alikuwa amemaliza mapazia kumi na mawili ya mahameli kwa ajili ya ukumbi wa shule. Kila pazia lina vifurushi viwili vya uzito, kimoja kila pembe ya chini: washa tatu zilizoviringishwa kwenye kitambaa ili kutu isipenye nje. Alikuwa ametengeneza vifurushi ishirini na vinne, akavitia kwenye kopo. Alipomaliza kushona, kopo lilibaki na kifurushi kimoja. Alidhani amekosea kuhesabu, naye hesabu na yeye hawakuwahi kupatana tangu darasa la nne. Sasa alikumbuka: ufunguo wa dada, aliokuwa akiutunza kuliko yai, alikuwa ameuviringisha kwenye kitambaa usije ukakwaruzika. Na kitu cha thamani yeye hukiweka wapi? Kwenye kopo.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Meno.

"Ki paziani mwangu. Njoo unisaidie kubeba."

Walipofika kwenye karakana yake, alipapasa pembe zote. Kupitia mahameli nene, kila kifurushi kilikuwa ndugu wa mwenzake. Kufumua ishirini na vinne hakuthubutu. Mahameli ukiifumua inabaki na kovu, na shule ingetaka kujua nani aliyeyang'ata mapazia yake.

"Tuliulize gari," alisema.

Walitoa pazia moja moja hadi kwenye gari lililoegeshwa nje, mengine yakabaki ndani mbali nalo. Meno alibeba la kwanza mikononi kama anamsindikiza bibi harusi, akasimama karibu na mlango. Fundi alishika kitasa. Kimya. La pili, kimya. La tano, kimya. Wapita njia walianza kupunguza mwendo. Wakiwa na la tisa, sauti ikasikika nyuma yao.

"Mdogo wangu. Mnalionyesha gari mapazia, au gari ndilo linaloonyeshwa?"

Dada alikuwa amewahi kwa saa mbili nzima. Fundi alihisi uongo mzuri ukimjia ulimini, ulioshonwa vizuri kabisa. Akakumbuka kwamba jibu la jana leo halifai.

"Nimeupoteza ufunguo, dada. Nadhani nimeushona."

Dada alimtazama. "Umeushona."

"Kwenye pindo. Shika kitasa mwenyewe."

La tisa, kimya. La kumi lilipokaribia, dada akashika kitasa. Taa zikapepesa na mlango ukasema bip. Meno alitoa wembe mfukoni, lakini fundi alimnyang'anya, akafumua mishono minne kwa uangalifu wa daktari. Kifurushi kikatoka, na ndani yake ule ufunguo mweusi unaong'aa, bila mkwaruzo hata mmoja.

"Kaka angeutunza," dada alisema, lakini bila nguvu. Akamgeukia Meno. "Au siyo, fundi? Unamfahamu kaka yetu. Amewahi kuja kwako?"

"Siri za wateja," Meno alisema. Akatazama juu, akakohoa. Akakohoa tena. Akafikiri kidogo, akakohoa mara ya tatu.

Dada alikaa kwenye ngazi ya karakana akacheka mpaka akashika mbavu. Halafu akafungua mkoba wake. "Kadi ya gari hii hapa, kitambulisho hiki, na mimi nipo. Andikisha ufunguo wa pili, nao utakaa kwako, fundi. Huu wa kwanza, mdogo wangu, kwa kuwa kushona unajua, ushone kwenye aproni yako. Sitaki kuuona umetoka humo mpaka nirudi."

Jioni mfuko ulikuwa tayari, mishono maradufu. Fundi alivaa aproni akashika kitasa: bip. Akafunga, akavua aproni, akaitundika kwenye fimbo ndefu ya pazia, akaanza kuisogeza mbali na mlango kidogo kidogo, akishika kitasa kila mara. Alitaka kujua ni wapi hasa gari linapoacha kusikia.