Mstari Ulioinuliwa

Euphrasie, mzaliwa wa Lubumbashi, alikuwa mhandisi wa mafuta. Katika ofisi moja ya ghorofani karibu na stesheni ya Gare du Nord, Brussels, kazi yake ilikuwa kukadiria visima vitatoa mafuta kwa miaka mingapi.

Mwaka 2013 Kyungu alimwomba msaada. Walisoma pamoja tangu utotoni. Kyungu ndiye aliyempokea Brussels na kumtafutia chumba mtaa wa Saint-Gilles kwa maman Thérèse, mama mzee wa kwao, na baba yake Euphrasie alipofariki ndiye aliyemfuta machozi. Sasa alikuwa na kampuni ndogo yenye hisa katika visima vya Texas, ambako mafuta yamenaswa ndani ya mwamba mgumu na lazima mwamba upasuliwe kwa maji na mchanga ndipo yatoke.

Alitaka kujua visima hivyo vingedumu muda gani, na Euphrasie alizifanya hesabu hizo kwa undugu tu. Majibu hayakupendeza. Visima vilitoa mafuta kwa kishindo mwaka wa kwanza, vikaporomoka wa pili, kisha vikawa vinachuruzika tu. Ili mapato yasishuke, ilibidi kuchimba vingine kila mara, na gharama za kuchimba zilimeza faida yote. Alimweleza Kyungu waziwazi. Kyungu akamshukuru.

Jumapili moja baada ya misa, maman Thérèse alimvuta hadi ukumbi wa parokia.

"Kuya, mutoto yangu. Kyungu anaonyesha kazi yako."

Ukutani palikuwa na mchoro wa Euphrasie wa mafuta ya visima, kwa rangi zilezile alizochagua. Ila mstari haukuporomoka. Ulishuka kidogo, ukatulia, ukaendelea mbele miaka thelathini. Chini yake liliandikwa jina lake na cheo chake.

"Dada yetu njo alifanya calcul, hesabu hii yote," Kyungu aliwaambia wazee aliowaita wanunue hisa. "Trente ans, ba papa, ba maman. Njo pension yenu."

Watu wakageuka wakampigia makofi. Euphrasie akasema kwa sauti:

"Hii haiko yangu. Mi niliandika mwaka moja ya nguvu, kisha inakufa. Kyungu, weye unajua."

Kyungu hakubabaika. Alitabasamu kwa huruma, kama anayemsitiri mgonjwa.

"Bon, dada amechoka. Bataalamu njo vile, banaogopa kila kitu."

Ukumbi ukacheka. Euphrasie akamtazama maman Thérèse, aliyemwona akizihangaikia hesabu zile mezani kwake. Mama akainamisha macho.

"Ikala," alinong'ona, akimvuta mkono akae. "Usimupatishe ndugu yako haya mbele ya bantu."

Siku hiyohiyo mama alitia sahihi, akamkabidhi Kyungu akiba yake. Euphrasie akahama nyumba ile.

Mwisho wa 2014 bei ya mafuta ilianguka, uchimbaji ukasimama, visima vya zamani vikabaki vinadondosha. Kampuni ilipofungwa na akiba za wazee kupotea, Kyungu aliwaambia watu kwamba yeye alifuata tu hesabu za Euphrasie. Mzee mmoja wa parokia alimsimamisha Euphrasie mlangoni pa ofisi yake, mbele ya wafanyakazi wenzake, akamwita mwizi.

Maman Thérèse alikuja kumwona, amekonda.

"Siku ile nilikusikia," alisema. "Lakini nilipenda kumuamini yeye."

"Alors, uwaambie, maman."

Akawaambia, amesimama katikati ya kanisa. Baadhi walikuja kuomba msamaha.

Kyungu hakupiga simu. Na kilichomuuma Euphrasie zaidi ni kwamba kwa muda mrefu aliendelea kuisubiri.