Matofali Arobaini ya Mkata

Kila asubuhi saa mbili, Ikram, fundi wa eksirei, aliwasha mashine yake kwenye banda la matofali pale Mkata, akayapiga picha matofali mabichi. Tofali likiingia tanurini na maji ndani hupasuka. Kwenye picha, penye maji palitoka peupe, na kadiri tofali lilivyokauka weupe ulijikusanya katikati, ukaisha.

Matofali arobaini hayakukauka hivyo. Moja lilibaki na kidole cheupe, jingine na mbavu tatu. Ikram alizipanga picha mezani, akatokea mwanamume mzima, amelala ubavu. Akaandika daftarini: unyevu asilimia kumi na moja, umbo la mtu. Kisha akamwita Mwantumu, mchota maji.

"Shikamoo mama. Huyu goti la kushoto limevimba."

"Marahaba. Ndiye mume wangu, Mhina. Goti lilimharibikia kwenye mkonge, Mazinde."

Mwezi uliopita ukingo wa shimo la udongo alimokuwa akichimba Mhina uliporomoka. Msimamizi, Benedicto, akatangaza kwamba Mhina ametorokea kwa mwanamke huko Hale, kisha akaamuru udongo ulioanguka ukandwe, maana ulikwisha kuchimbika wenyewe. Maji ya kuukandia aliyachota Mwantumu. Alipotaka kukaa eda, sheikh alimwambia mke wa mtoro hana eda. Hakuna kilichomuuma kuliko hicho.

Sasa sheikh alizitazama picha, akalitambua goti, akamwombea marehemu.

"Niletee barua ya msimamizi tu, mama, kwamba kafia kazini. Uanze eda leo leo."

Benedicto naye hakubisha.

"Ni Mhina kabisa. Lakini hapa tunapima maji, hatupimi watu."

Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema. Benedicto hakuumbuka. Alingoja siku nne za jua, picha zikatoka nyeusi tupu, akaandika barua: matofali arobaini, yamekauka, yanafaa. Ikram alilia, lakini akagonga muhuri, kwa sababu yalikuwa yamekauka kweli.

Yakachomwa, yakajengewa darasa. Mvua ikipiga ukuta wa nyuma, Mhina huonekana, amelala ubavu. Mwalimu huwaambia watoto wasimwegemee.

Kiangazi Mwantumu huja na ndoo yake baada ya vipindi, akaumwagia ukuta maji, akaketi na kanga nyeupe ya eda mpaka ukauke. Wapita njia humwamkia vizuri, shikamoo mama. Akishaondoka huulizana kama yule mtoro amewahi kurudi.