Biti Iliyotema Maneno

Asubuhi hiyo fundi wa biti, ile midundo ya kuimbia, alikuwa studio kwake, chumba cha kupanga chenye trei za mayai ukutani, anakata jina lake kwenye wimbo. Mafundi wa kazi hiyo, wajukuu zangu, hutamka jina lao mwanzoni kabisa, muziki haujaingia, watu wajue nani kapika. Lakini mwimbaji, yule waliyemwita Koo la Dhahabu, alisema jina hilo linamkatia pumzi.

"Toa, kaka. Mimi nikikohoa pale, nani atanisikia?"

Fundi akatoa. Roho ilimuuma, maana mkewe alikuwa kwao tangu masika. Mama mkwe alishasema hamtambui mwanaume anayeshinda akibonyezabonyeza vitufe. Siku redio itakapomtaja, aje amchukue mkewe.

Jumamosi Koo la Dhahabu akapanda jukwaani harusini. Biti ikaanza, tamu hiyo, watu wakainuka. Alipofungua mdomo, biti ikayatema maneno. Yakamdondokea miguuni moja moja, makavu kama maganda ya karanga. "Mpenzi" likabingirika mpaka chini ya meza ya wazee. Mfagiaji wa ukumbi akaja na fagio, akayazoa, akinung'unika kwamba waimbaji hawajui usafi. Watu wakaendelea kucheza. Bibi harusi alisema leo ndiyo kausikia muziki vizuri.

Koo la Dhahabu si mjinga. Akafunga mdomo, akavaa miwani, akapunga mkono. Akashangiliwa. Tangu hapo akawa anaitwa kila ukumbi kwenda kunyamaza, na waimbaji wengine wakamwiga, mji mzima ukacheza bila maneno.

Fundi naye akajipa moyo. Kama haimbi mtu, watamtaja nani tena? Akanyoa ndevu, akaenda ukweni. Wakakaa watatu, mama mkwe akaongeza sauti ya redio. Biti ikapigwa yote, mama mkwe akitikisa bega moja, kwa heshima zake. Ilipoisha, mtangazaji akasema huo ni wimbo wa Koo la Dhahabu, ambao hakuuimba Koo la Dhahabu mwenyewe.

"Biti ni yangu hiyo, mama."

Mama mkwe akamtazama kwa huruma.

"Baba, mwenzio ananyamaza mpaka redio inamtaja. Wewe hata kunyamaza kumekushinda."

Mkewe akamsindikiza mpaka njia panda, wakachekacheka kidogo, kisha akarudi kwao.