Swali la Kitabuni

Kufikia Jumatano asubuhi Mumbe alikuwa ameiandika ripoti yake mara tatu, na mara zote tatu swali moja aliliruka.

Kila ukurasa wa ripoti, katika daftari lake, ulikuwa na safu mbili. Kushoto aliandika kila neno lililosemwa, lake na la mteja. Kulia aliandika alichohisi yeye neno hilo liliposemwa. Ndivyo walivyofundishwa chuo kikuu, na bila ripoti ya familia moja, toka mwanzo hadi mwisho, miezi yake mitatu katika ofisi ya ustawi wa jamii pale Voi isingehesabiwa.

Familia aliyopewa ilikuwa ya Wataita wa Mbololo, juu mlimani. Mzee Elijah Mwandawiro alikuwa fundi wa reli aliyestaafu na mzee wa kanisa. Aliishi na mkaza mwanawe, Priscilla, na mjukuu wake wa miaka sita, Susan, ambaye polio ilikuwa imemnyong'onyeza miguu. Mwanawe, Silvanus, alifanya kazi Mombasa na alikuwa hajakanyaga nyumbani kwa miaka miwili. Ofisi ilikuwa imempatia Susan nafasi katika kituo cha Mombasa, mahali ambapo watoto kama yeye walifungwa vyuma vya miguu na kufundishwa kusoma. Gari lingeondoka Ijumaa saa mbili asubuhi. Akikosa gari hilo, nafasi angepewa mtoto mwingine.

Priscilla aliitaka nafasi hiyo. Alingoja jambo moja tu: babu amtase mtoto, yaani ambariki kwa kuchukua maji kinywani na kuyapuliza, ili kama ana hasira yoyote moyoni itoke pamoja nayo. Bila hilo hangemvusha Susan kizingiti. Alilisema siku ya kwanza kabisa. Mumbe aliandika "mila ya kuagana" akaendelea na maswali mengine.

Jumanne walikuwa wamekaa uani wote. Jina la Silvanus lilipotajwa mzee alinyamaza, na Mumbe akakumbuka kitabu kilivyosema, kwamba mteja akinyamaza msaidie kuitaja hisia yake.

"Babu," aliuliza, "una hasira na Silvanus?"

Priscilla aliinamisha kichwa. Mzee aliinuka, akaingia nyumbani kwake na kutia komeo, na jua lilikuwa bado juu.

Mumbe aliteremka mlima akijipa moyo kwamba ameligusa jambo lenyewe. Ni Obadiah aliyeuvunja moyo huo jioni ileile. Obadiah alikuwa msaidizi pale ofisini, Mtaita wa Sagalla, mtu wa darasa la nane aliyezunguka katika maboma ya watu kwa miaka ishirini. Alisikiliza habari yote akiwa ameshika kikombe cha chai, kisha akakiweka chini bila kunywa.

"Huku, dada, hasira ambayo mkubwa ameificha moyoni ndiyo huumiza watoto. Hata sisi wa kanisani twaamini, ila hatusemi. Umemuuliza mzee mbele ya mkaza mwanawe kama ni yeye aliyelemaza miguu ya Susan."

Mumbe aliuliza, "Na sasa akitema maji?"

"Akitema, amekubali."

Mchana wa Jumatano hakuweza kula. Baba yake, Musyimi, aliyeuza maharagwe kwa gunia karibu na stesheni, alimwuliza kama anaumwa, akajibu ni jua. Alijaribu kufikiri kwa utaratibu. Mzee hawezi kubariki bila kukiri. Mtoto hawezi kusafiri bila baraka. Swali halirudi mdomoni. Kila alipoanza upya alifika palepale. Alirudi kwa Obadiah na kumwuliza afanye nini. Obadiah alisema anachojua ni kwamba anayetema maji ni mwenye hasira, na mtu asiye na hasira hana cha kutema.

Neno hilo Mumbe alilala nalo na kuamka nalo.

Alhamisi alipanda Mbololo peke yake. Priscilla alikuwa akichambua mboga. Alisema, bila kuinua macho, kwamba tangu juzi baba mkwe hajala chakula cha mkono wake. Susan alikaa kwenye mkeka kando ya kikapu cha nguo zake. Zilikuwa zimekwisha kukunjwa.

Mumbe alisimama mbele ya mlango uliofungwa. Mwalimu wao wa chuo alikuwa akirudia kila wiki kwamba mshauri hamtilii mteja maneno kinywani.

"Babu, ni Mumbe, mtoto wa Musyimi wa Voi. Juzi nilikukosea. Nilikuuliza neno ambalo sikujua uzito wake, tena mbele ya watu wa nyumba yako." Alilikumbatia daftari lake. "Una hasira, babu. Una hasira na mimi, hasira ya juzi tu."

Kuku alipita. Kisha komeo likasogea.

"Kwenu Wakamba mwaulizana hivyo?" mzee alisema akiwa bado kivulini.

"Kwetu twaulizana bei tu, babu."

Priscilla alijiziba mdomo kwa leso. Mzee hakucheka, lakini alitoka nje, akamtazama Mumbe kwa muda mrefu.

"Ninayo," alisema, kwa sauti ya kufika hata kwa jirani ng'ambo ya migomba. "Nina hasira na wewe, na ni kubwa. Priscilla, lete maji."

Priscilla alileta kata ya maji. Mzee alipiga funda, akampulizia Mumbe kifuani na kwenye daftari alilolikumbatia, mara tatu, akisema kwa Kidawida, lugha ya Wataita, maneno yaliyokuwa mafupi. Kisha akatulia na kata mkononi. Maji yalikuwa yamebaki nusu. Mumbe alihofia kwamba angeyamwaga.

"Na huyu wa safari ya kesho," mzee aliuliza, "mbona yuko mbali?"

Priscilla alimbeba Susan akamleta. Safari hii maneno yalikuwa mengi, ya chini, na kati yake Mumbe alisikia jina la Silvanus mara moja. Priscilla alikuwa akilia. Mumbe hakuomba kutafsiriwa.

Ijumaa gari liliondoka saa mbili na dakika kumi, Susan akiwa amekaa dirishani. Mumbe aliingia ofisini akaanza ripoti mara ya nne. Kushoto aliandika swali la Jumanne kama alivyoliuliza. Kulia aliandika: Nilijiona hodari. Alipofika Alhamisi, mahali pa maneno ya mzee kwa mjukuu wake, aliandika: Sikuielewa lugha, na sikuuliza. Kulia akaandika: Niliogopa tangu mwanzo hadi mwisho.

Kurasa za daftari zilikuwa zimevimba kwa maji na wino mpya ulikuwa umeenea hapa na pale. Mwalimu wao alipenda kazi safi. Mumbe alizikata kurasa zilivyo, akazitia kwenye bahasha, akaenda posta, akakaa nayo mkononi hadi karani alipofungua dirisha baada ya saa ya chakula.